Masta ya Ildefons, Mrithi wa Kamachumu

Kamachumu, wilayani Muleba, ukirusha jiwe ovyo kwenye migomba utampata mwenye digrii. Ukirusha la pili utampata mwenye digrii mbili, na huyo atakugombeza kwa Kiingereza. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Ildefons Mushumbusi kutafuta ya pili. Kilichoshangaza watu, na kinachowachekesha mpaka leo, ni jinsi alivyoipata: amejifungia chumbani kwa marehemu baba yake, mapazia chini, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu aliyeiba ng'ombe akasikia wenyewe wanakuja.

Ildefons si mtu wa ajabu. Ana miaka thelathini na saba, mrefu, mkimya kupita kiasi kwa Mhaya, na vidole vyake vina makovu ya mashine. Alisomea ufundi wa mitambo, akapata kazi kiwanda kimoja cha sabuni Mwanza, akakaa huko miaka sita. Akamwoa Renatha, binti wa Nshambya pale Bukoba mjini, mshonaji hodari mwenye ulimi wa kutosha wao wawili. Wakapata mabinti wawili. Mkubwa ni Alistidia. Walikuwa na vyumba viwili vya kupanga, feni moja, na Jumapili za kwao wenyewe. Ukimwuliza Ildefons leo alikuwa na nini Mwanza, hataji mshahara. Atakwambia, "Nilikuwa na mlango."

Kisha mzee Mushumbusi akaaga dunia. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Mzee aliwaambia wa nyumbani, "Leo sijisikii vizuri, nendeni kanisani bila mimi." Waliporudi walimkuta kwenye kiti, kofia kichwani, amekwenda zake kimya kimya.

Ildefons akaja kuzika. Alichukua likizo ya siku saba. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa, akaitwa mbele, akavikwa kanzu ya baba yake iliyomfika magotini, akakalishwa kwenye kiti cha baba yake. Hapo akawa omusika, mrithi. Hakuulizwa. Kwani wewe unapopewa jina la ubatizo unaulizwa? Mzee Kahigi, mdogo wake marehemu na msemaji wa ukoo, alisema mbele ya watu wote, "Kuanzia leo kibanja hiki kina mwenyewe. Makaburi haya yana mtu wa kuyafagia. Asiyemwona kaka yangu na amtazame huyu." Watu wakapiga makofi. Renatha, aliyekuwa kwenye kundi la wanawake, hakupiga.

Zile siku saba sasa zina miaka mitatu.

Urithi wa Kihaya, kwa mtu wa mbali, unaonekana kama zawadi. Umepewa nyumba, migomba, kahawa, heshima. Hata shangazi yako aliyekubeba mgongoni anakuita "Tata," yaani baba, na anapiga magoti kukusalimu. Ni kweli. Lakini kibanja, hilo shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kisipopaliliwa ni aibu ya ukoo mzima. Mtu akigombana na mkewe, anakuja kwako. Mbuzi akila maharage ya jirani, mnakuja wote watatu, na mbuzi. Na mlango wako mchana haufungwi. Mgeni hapigi hodi mara mbili. Ya kwanza anaipigia nje, ya pili ameshakaa, anasubiri kahawa ya kutafuna. Ildefons alikuwa akisimama barazani alfajiri, akiitazama migomba imezunguka nyumba pande zote nne, akihesabu mashina kama mtu anayehesabu nondo za dirisha.

Njia ya kutokea ilikuja kwa simu. Bi. Nuriat, meneja wake wa zamani kule kiwandani, alimpigia akamwambia: mkuu wa uzalishaji anastaafu, mimi nakutaka wewe, ila makao makuu wanataka mtu mwenye shahada ya uzamili ya uhandisi wa viwanda. Nafasi nitaizuia hadi mwisho wa Juni ya mwaka wa pili kuanzia sasa. Kuna vyuo vya ng'ambo vinafundisha kwa mtandao. Jiandikishe.

Akajiandikisha siku ile ile. Alimwambia Renatha peke yake. Mpango ulikuwa mwepesi: apate masta, apate kazi, ndipo auambie ukoo. Mtu akiwa na barua ya kazi mkononi, hata Kahigi angepata taabu kumkatalia. Kiti apewe Wilbert, mdogo wake anayeishi Buhembe, Bukoba mjini. Wilbert naye hakuwa na habari, na bora hakuwa nayo, maana angehamia Kongo.

Sasa huu uhandisi wa viwanda ni elimu gani? Usiogope jina. Ni elimu ya kumtazama mtu anafanya kazi, kumpimia muda kwa saa, kuhesabu hatua zake, halafu kumwambia kwamba angeweza kuifanya kwa hatua chache. Kazi hiyo mama wakwe wa Kihaya wanaifanya bila cheti tangu zamani. Tofauti ni kwamba chuo kinataka michoro na hesabu, na hakimchukui mtu mpaka amelipa.

Miaka miwili Ildefons alisoma kwa vipande vipande. Anafungua somo, anaingia mtu na kesi ya mpaka wa shamba. Anarudi kwenye somo, bando limekwisha. Ananunua bando, umeme unakatika. Aliandika kazi moja nzima kuhusu foleni za mashine huku wazee wawili wakibishana mbele yake juu ya ndama, na alipoisoma tena alikuta ameandika "ndama" mara mbili mahali pa kuandika "mzigo". Mwalimu alimpa alama nzuri, akauliza tu hiyo ndama ni mashine ya aina gani.

Hata hivyo alifika mwisho. Ukabaki mtihani mmoja.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa saa mbili, mbele ya kamera ya kompyuta. Hakuna msimamizi wa nyama na damu. Kuna programu inayokutazama uso na kusikiliza chumba. Ukisikika unaongea, onyo. Sauti ya mtu mwingine ikisikika, onyo. Uso mwingine ukionekana, onyo. Ukifika la tatu, mtihani unajifunga wenyewe na umeanguka. Ukianguka unarudia mara moja tu. Ukianguka tena, miaka yako miwili imekwenda bure.

Mara ya kwanza alikwenda kuufanyia Bukoba, nyumbani kwa Wilbert, akidhani mjini kuna utulivu. Lakini mrithi hasafiri peke yake, kiti kinamfuata. Shemeji yake Joanitha, mke wa Wilbert, alimtajia mtu mmoja tu sokoni kwamba kaka mkubwa amekuja. Mmoja tu. Dakika ya thelathini na tano ya mtihani waliingia ndugu watano kutoka Nyanga kumwamkia, wa kwanza ameshika jogoo. Onyo, onyo, onyo. La jogoo halikuhesabiwa, lakini halikuhitajika.

"Ungekwenda gesti," Renatha alimwambia aliporudi.

"Gesti?" Ildefons akasema. "Mrithi wa Mushumbusi aonekane anaingia gesti Bukoba saa mbili asubuhi? Habari ingefika hapa kabla sijavua viatu. Na wewe ungekuwa wa kwanza kuamini."

"Ningeamini, ndiyo," Renatha akasema. "Basi fanyia hapa hapa. Waambie wasije."

"Wataniuliza ni mtihani wa nini. Nikiwaambia, wataniuliza wa kwenda wapi."

Alikuwa anajijua. Ana mambo mengi Ildefons, lakini uongo hauwezi. Masikio yake yanakuwa mekundu kama nyanya, na Kahigi anamsoma masikio tangu akiwa mtoto.

Kwa hiyo akafanya kama alivyofundishwa. Kwa wiki nne aliandika kwenye daftari kila mgeni aliyeingia, saa aliyoingia, muda aliokaa. Wageni mia mbili na kumi na wawili! Kahigi peke yake arobaini na mmoja. Akachora mchoro, nguzo moja kwa kila nusu saa, na mchoro ukaonyesha milima mitupu, isipokuwa bonde moja: Jumapili, saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi, wakati wa misa. Saa hizo na yeye huwa kanisani na familia yake, kwa hiyo ilibidi apate njia ya kuhesabu akiwa hayupo. Alimwaga majivu kwenye njia ya kuingilia, akaenda misa, akarudi akainama kusoma nyayo. Jumapili nne mfululizo. Nyayo za watu: hakuna. Nyayo za kuku: moja, tena alipita pembeni.

"Umeona?" akamwambia Renatha, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika. "Hakuna mtu."

Akapanga mtihani Jumapili, saa mbili na nusu.

Hapa ndipo msomi alipojikwaa. Na si mjinga, usimcheke mapema. Majivu yalimwambia kweli tupu: yeye akiwa kanisani, hakuna anayekuja nyumbani. Hayakumwambia kitakachotokea asipokuwa kanisani. Kwenye benchi la pili upande wa kulia, pale kigangoni, kuna nafasi ya mzee Mushumbusi ambayo sasa ni yake. Kanisa zima linaitazama nafasi hiyo kabla ya kuitazama altare. Ildefons alihesabu kila mtu aliyeingia katika maisha yake, akasahau kujihesabu mwenyewe.

Jumapili ikafika. Renatha akaondoka na watoto, ameapishwa asiseme neno. Ildefons akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akashusha mapazia, akavaa koti, akakaa mezani kwenye chumba cha baba yake, chenye mtandao mzuri kuliko vyote. Programu ikamwamuru aizungushe kamera ionyeshe chumba kizima. Akazungusha. Maandishi yakatokea: mtu mwingine yumo chumbani.

Akageuka haraka. Hakuwapo mtu. Akazungusha tena, jibu likawa lile lile. Ndipo alipoiona picha kubwa ya marehemu ukutani, kofia kichwani, macho yanamtazama kama yalivyokuwa yakimtazama anapochelewa kutoka shule. Hata mashine ilimwogopa mzee.

Ildefons alisimama mbele ya picha muda mrefu kuliko alivyopaswa. "Samahani, Tata," alisema, akaitoa kwenye msumari, akaisukuma chini ya kitanda kwa mikono miwili. Akarudi kukaa. Chumba kikakubaliwa. Saa ikaanza kukimbia.

Na alianza vizuri, kwa kweli. Swali la kwanza akalimaliza, la pili akalimaliza. Kiwanda cha kubuni, mashine tano, wafanyakazi kumi na wanane, tafuta mahali kazi inapokwama. Alitembea ndani ya kiwanda hicho cha karatasi kama mtu aliyeachiwa huru. Alisikia hata harufu ya sabuni. Nje kulikuwa na ukimya ambao hakuwahi kuusikia kwenye nyumba ile.

Kigangoni, wakati huo, shangazi Kokubanza alikuwa hasali. Kokubanza ni dada mkubwa wa marehemu, ana miaka sabini na sita, na ana macho ya kuona chawa kwenye kondoo wa kijiji cha pili. Tangu wimbo wa kuingilia alikuwa akiitazama nafasi tupu ya benchi la pili. Alivumilia mpaka watu walipopeana amani. Akamshika Renatha mkono, akakataa kuuachia.

"Mumeo yuko wapi?"

"Nyumbani, shangazi."

"Anafanya nini nyumbani?"

Renatha, mwenye ulimi wa watu wawili, siku hiyo alikosa hata wa mtu mmoja. Akashika neno la kwanza lililomjia. "Hajisikii vizuri."

Angesema kalewa, shangazi angekasirika tu. Angesema kafumaniwa, angecheka kwanza. Lakini Jumapili, nyumba ile, kiti kile, "hajisikii vizuri"? Kokubanza aliachia mkono wa Renatha kama aliyeungua. Alipokea komunyo, hakurudi kwenye nafasi yake. Alipitiliza mlangoni, kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja. Kahigi akamwona akatoka. Waliomwona Kahigi wakatoka. Padre alipofika kwenye matangazo, aliwatangazia wanakwaya na watoto.

Kwenye saa tatu na nusu na kidogo, Ildefons akiwa swali la tatu kati ya matano, alisikia vishindo. Si vya mtu mmoja. Akaendelea kuandika.

Kahigi akajaribu mlango. Umefungwa. Mlango wa mrithi, mchana kweupe, umefungwa! Akatazama dirishani: pazia. Akapiga mlango kwa kiganja.

"Ilde! Ilde wewe! Uko mzima?"

Kwenye kompyuta mstari mwekundu ukatokea: onyo la kwanza. Sauti ya mtu mwingine.

Ildefons aliuma ulimi. Zilibaki kama dakika hamsini na tano. Akijibu, ndilo la pili. Asipojibu, atawaua kwa hofu. Akaendelea kuandika, jasho likidondoka kwenye karatasi ya hesabu, karatasi moja nyeupe aliyoruhusiwa kuwa nayo.

"Haitiki," Kahigi akasema nje, na sauti yake ikavunjika katikati. "Haitiki, jamani. Kama kaka. Kama kaka kabisa."

Hapo mwanamke mmoja akaanza kulia. Wewe unakijua kilio cha kwetu? Hakianzi polepole. Mmoja akianza, wa pili hataki kuachwa nyuma. Onyo la pili likatokea, jekundu, pana, linawaka na kuzima. Limebaki moja. Ildefons alikaa wima kama msumari, macho kwenye kioo, analiliwa akiwa hai, na hana ruhusa ya kusema hajafa.

Ikamjia kusimama. Afungue, waone, yaishe. Mwanza ibaki ilipo. Mkono wake ulishika ukingo wa meza. Na pale pale mlango wa uani, ule wa jikoni ambao Renatha huwa anasahau kuusukuma mpaka mwisho, ukalia kidogo.

Shangazi Kokubanza alikuwa amezunguka nyumba. Aliingia peke yake, amevua viatu, kama mtu anayeingia penye maiti. Alifika mlango wa chumba akamwona mrithi wake amekaa mezani, ana koti, ana jasho, anapepesa macho. Yuko hai.

Sasa mtu mwingine yeyote angepiga kelele au angemrukia. Na angesimama tu pale mlangoni, kamera ingemchukua uso na habari ingeisha. Lakini Kokubanza ni mwanamke aliyelelewa. Mbele ya aliyekaa kwenye kiti cha kaka yake, kitu cha kwanza ni magoti. Akapiga magoti palepale kwenye saruji, kichwa kikashuka chini ya usawa wa meza, na kamera, ambayo inaona kuanzia kifuani kwenda juu, haikuona kitu. Akavuta pumzi ili atoe salamu, ile ndefu ya Kihaya inayotaka kujibiwa kila kipande.

Ildefons, bila kugeuza uso, alishusha mkono wa kushoto chini ya meza akauonyesha kiganja: ngoja. Kwa mkono wa kulia aliandika kwenye karatasi ya hesabu, herufi kubwa, kama anayepiga hesabu ngumu: MTIHANI. MSISEME. DAKIKA 50. Akaisukuma karatasi, ikaanguka.

Kokubanza aliipokea magotini. Alisoma kidole kikifuata herufi, kama alivyofundishwa katekisimu. Alisoma mara mbili. Akamtazama Ildefons, akautazama msumari mtupu ukutani, akaitazama tena karatasi. Kisha akarudi kinyumenyume, kwa magoti vilevile, mpaka akatoka jikoni.

Nje alisimama mbele ya watu arobaini na zaidi. Aliinua karatasi juu kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili akakiweka mdomoni, akamwangalia kila mmoja usoni mpaka aliyekuwa analia akameza kilio chake.

Na hapa watu wa Muleba wana haki ya kujisifu, na wajisifu, maana jambo hili halijatokea tena wala halitatokea: Wahaya arobaini walikaa uwanjani dakika hamsini bila kuongea. Karatasi ilizunguka mkono kwa mkono. Kahigi, ambaye hajawahi kukaa kimya hata kwenye kipaimara chake, alikunja mikono akafumba macho kama aliyefungwa kamba; kikohozi kilipomjia alikimbilia ndani kabisa ya migomba, akakohoa huko, akarudi. Kuku wa Renatha walishikwa mmoja mmoja wakafunikwa kwa vitenge. Joackim, jirani Mlutheri aliyekuwa ameacha redio yake ikiimba kwa nguvu, alifuatwa na wanaume wawili waliomwonyesha ishara tu. Akazima, akaja naye akakaa. Bodaboda aliyekuwa anakuja na abiria alizuiwa mbali, akazima pikipiki, abiria akashuka akakaa pia bila kujua ni kwa nini. Renatha alifika anahema, watoto nyuma, akakuta umati umekaa kimya, akadhani kweli mumewe amekufa, mpaka alipopewa karatasi. Alikaa chini akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko.

Ndani, Ildefons alimaliza swali la tano zikiwa zimebaki dakika mbili. Akabonyeza, kompyuta ikamshukuru kwa ukavu wake, ikazimika. Alikaa. Kisha akaenda akafungua komeo.

Nyuso arobaini zilimtazama, midomo imefungwa. Akatambua kwamba wanasubiri ruhusa.

"Nimemaliza," akasema.

Kelele iliyotoka hapo ilisikika barabara kuu. Vigelegele, kicheko, maswali hamsini kwa mara moja.

"Mtihani wa nini, Ilde?" Kahigi aliuliza, machozi hayajakauka.

"Wa masta, baba mdogo. Uhandisi wa viwanda."

"Masta! Na hukusema!"

"Niliogopa kuwasumbua."

Masikio yakawa mekundu. Lakini Kahigi hakuyasoma siku hiyo. Alikuwa amekwishaingia chumbani, amekwishatoka. "Na picha ya kaka yangu iko wapi?"

Watu wakanyamaza tena, safari hii bila kuambiwa.

"Chini ya kitanda. Mashine ilisema ni mtu. Ilikataa nifanye mtihani akiwamo chumbani."

Kahigi alifikiri. Ungeweza kuona hasira inapanda, inafika kwenye nyusi, inageuka kitu kingine. Akapasua kicheko. "Mmesikia? Hata marehemu alitolewa! Alitolewa akanyamaza kama sisi!" Akapanda kwenye ngazi ya baraza, akainua mikono. "Ndugu zangu. Huyu alishika kalamu, lakini nani alifanya mtihani? Mimi nimekohoa kwenye migomba! Dada yangu ametembea kwa magoti! Joackim amezima redio, na ni Mlutheri! Masta hii ni ya ukoo. Ya mtu mmoja anaweza kwenda nayo popote. Ya ukoo inakaa nyumbani. Au nasema uongo?"

"Kweli!" watu wakaitika.

"Chama chetu cha msingi kina mashine ya kukoboa kahawa inayokwama kila msimu, tunaita mafundi wa mbali wanatucheka. Sasa mhandisi ni nani?"

"Ni wetu!"

Ildefons alitafuta uso wa Renatha. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga begani, anamtazama moja kwa moja. Alitikisa kidevu mara moja. Sema. Sema sasa hivi.

"Nawashukuru," Ildefons akaanza. "Nawashukuru sana sana. Lakini..."

Shangazi Kokubanza alikuwa amepiga magoti tena mbele yake, kumpongeza. Magoti yenyewe yalikuwa yamechubuka kwa ile saruji, damu imekauka juu ya vumbi. Akainua uso, mchangamfu kama wa msichana. "Lakini nini, Tata?"

Upepo ukapita kwenye migomba. Watu arobaini wakasubiri, wameshajifunza kunyamaza.

"Lakini hiyo mashine," Ildefons akasema, "sijawahi kuiona kwa ndani."

"Kesho utaiona!" Kahigi akanguruma. Renatha aligeuka akaingia jikoni.

Majibu yalikuja wiki ya tatu: alama sabini na moja. Bi. Nuriat akapiga simu Juni ishirini na nne, akauliza anakuja lini. Ildefons alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukoboa, wazee sita wamemzunguka wanamshikia spana ambazo hakuziomba. Alitoka akaenda pembeni, akasema apewe siku mbili. Alipiga baada ya siku nane. Nafasi ilikuwa imepata mtu, kijana kutoka Shinyanga.

Cheti nacho kilifika. Kahigi akakichukua siku hiyo hiyo, akapanda nacho gari hadi Muleba mjini, akakitolea nakala arobaini, akazigawa nyumba kwa nyumba. Ukiingia leo kwa mtu yeyote wa ukoo ule utakikuta ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, jina la Ildefons limeandikwa kwa wino wa nakala uliofifia. Mwenye nyumba atakwambia, "Hii tuliipata mwaka ule." Mashine haikwami tena. Kwa saa yake ya mkononi amewapimia akina mama wanaochambua kahawa, akapanga meza upya, wanamaliza mapema, na muda waliookoa wanakuja kuutumia kwake barazani.

Juzi Renatha alikuwa anashona shati la shule la Alistidia, Ildefons amekaa karibu anakata nyuzi. Wageni walikuwa hawajaanza kuingia.

"Siku ile," Renatha akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani, "ulikuwa unataka kusema kitu."

"Siku ipi?"

"Baba Alistidia."

Ildefons akakata uzi, akautazama, akaukata tena ingawa ulikuwa umeshakatika. Nje kulikuwa na mtu anakuja, viatu vyake vinaburuza, bado hajapiga hodi.

"Bado nataka," akasema, akainuka kwenda kumpokea.